Kisiki cha Kumi na Nne

Rosine alipotangaza kwamba anakwenda kusomea uhandisi wa mazingira, mama yake, Julienne, aliuliza swali moja tu: "Ingénieur ya mazingira? Iko natibu nani?" Kwao, familia ya wavuvi wa maporomoko ya Kisangani, mtoto mwenye akili husomea uuguzi. Rosine hakubishana, wala hakubadili nia.

Sababu yake ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Baba yake, Papa Bavon, huvua kwa madema makubwa yanayoning'inia kwenye nguzo zilizosimikwa katikati ya maji makali. Kila mafuriko huvunja nguzo, na kila nguzo ni mti mzima. Zamani miti hiyo ilikatwa karibu na nyumba. Mwishowe Papa Bavon akawa anakwenda mpaka hifadhi ya msitu wa Masako, ambako kukata ni marufuku. Na baada ya Masako? Watu wazima hawakujisumbua na swali hilo. Walingoja mafuriko mengine.

Kwa mémoire, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, Rosine alihesabu visiki vya Masako na kuandika kila kimoja kilikatwa na nani: wachoma makaa, wapasua mbao, wakulima. Kisiki cha kumi na nne kilikuwa cha zamani, na mkato wake uliinamia upande usio wa kawaida. Alikitambua papo hapo. Kukiandika ni kumwaibisha baba. Kukiruka ni kudanganya katika kazi aliyoichagua mwenyewe. Baada ya siku tatu aliandika: "mvuvi."

Siku ya kutetea mémoire, Papa Bavon alikuja na koti lake la kanisani, akakaa mstari wa mbele. Profesa akauliza: alijuaje kuwa ni mvuvi?

Rosine aliogopa sana, lakini hakuficha. "Ni papa yangu. Anakataka na mukono ya kushoto."

Papa Bavon akasimama bila kuruhusiwa na mtu.

"Bon, ni kweli, professeur. Lakini aandike yote. Ile siku, kamba ya kukokota muti ni yeye alibeba. Alikuwa na miaka tisa. Aliimba njia yote."

Aibu ilimpanda Rosine hadi masikioni, maana alikuwa anaikumbuka kamba ile vizuri. Akachukua kalamu, na mbele ya watu wote, pembeni ya neno "mvuvi", akaongeza: "na binti yake."