Bamba la Marehemu Baba Yake Dallin
Mama fundi wa bonde letu, anayetutengenezea mabamba ya chuma ya kulengea shabaha, hatundiki bamba kabla ya kulipapasa. Huvua glavu hata kwenye baridi kali ya Idaho, akapitisha kiganja taratibu kama anayepima homa ya mtoto, kisha hulitundika likiinamia mbele kidogo ili vipande vya risasi vishukie udongoni. Tukimtania kwamba anauza shabaha pamoja na mahubiri, hujibu bila kuinua uso, "Mahubiri ni bure."

Msimu wa baridi uliopita, jirani yangu Dallin alimletea bamba la marehemu baba yake alitilie minyororo mipya. Lilikuwa limejaa mashimo yaliyochimbwa na risasi bila kutokeza upande wa pili. "Hili halipigwi tena, mwanangu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Risasi ikiingia shimoni, inakurudia usoni."

"Mzee alilipiga hivi hivi miaka yote."

"Na nilimkataza."

"Basi nitalitundika mwenyewe."

Mama fundi alikishika kidole cha Dallin akakipitisha kwenye mashimo ya risasi za baba yake, shimo baada ya shimo, polepole, mpaka mabega ya kijana yakaanza kutikisika. Kisha akashusha kinyago chake cha kuchomelea, akayaziba matundu mawili ya kupitishia minyororo, akayasawazisha kwa grinda hadi pasibaki pa kupenyeza hata uzi. Akalifunga bamba kwa blanketi na kumbebea hadi garini. "Liweke sebuleni," alimwambia. "Mkeo akilalamika, mwambie nimesema mimi."