Mshenga wa Mshahara

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima na sweta mbili, maana ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa saba hahitaji maelezo. Msimamizi wa Tawi alinipokea mlangoni, akanitazama miguuni, akaniambia nivue viatu. Nikajua nimeumbuka, ameshatambua si vyangu. Kumbe ndiyo ilikuwa sheria: chumba cha seva hakiingizwi vumbi. Seva ni kompyuta mama, ile inayozihudumia nyingine zote, na wakati ule tuliiogopa kama altare ya kanisani. Basi nikaingia na soksi, moja imetoboka kwenye kidole gumba, na hivyo ndivyo mimi Leokadia nilivyoianza kazi ya teknolojia.

Kampuni yetu iliuza intaneti kwa maofisi, shule na wafanyabiashara wa mkoa. Mimi nilitoka kwenye kupiga taipu, nikasomea kompyuta jioni jioni kwa masista, na usaili wenyewe niliupita vizuri tu. Waliniuliza kebo inaungwaje, nikawaunganishia pale pale mezani. Waliniuliza mteja akipiga simu anafoka nifanye nini, nikasema namwacha afoke kwanza, akichoka ndiyo namwuliza kama amewasha umeme. Wakacheka. Kisha Afisa Utumishi, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kwa kazi hiyo, akauliza swali la mwisho: unategemea mshahara kiasi gani?

Nikatazama sakafu. Nikajibu, "Mtakachoona kinafaa."

Nilitoka pale kichwa juu, nikijua nimejibu kama mtu aliyelelewa. Nyie vijana mnacheka, lakini kwetu huku juu Ufipa mtu hajitajii bei. Hata kijana akitaka kuoa, yeye hasemi neno, na baba yake hasemi. Anatumwa mshenga. Mshenga ndiye anayejua kuomba hivi kwamba anayeombwa asione ameporwa, na anayeomba asionekane ombaomba. Sasa kampuni haina mshenga. Unakaa peke yako mbele ya watu wenye tai, unaulizwa thamani yako, ukitaja utaonekana huna haya. Wote tulioajiriwa kutoka huku tulijibu maneno yale yale, utadhani tulifundishwa kwenye katekisimu. Wakatuonea walichoona, nasi tukasaini na kushukuru.

Kazi yenyewe niliipenda, sioni haya kulisema hilo. Mwanzoni nilikuwa wa kukunja kebo na kupokea simu. Baadaye Mhandisi Mkuu, mzee mmoja mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, akanichukua kwenda naye Chala, kijijini kwetu, kusimamisha mnara. Radi za kwetu mnazijua. Wananchi walituzunguka wakiuliza kama lile dude halitawaitia radi majumbani mwao. Mhandisi Mkuu hakuwabeza. Alinishikisha waya mnene wa shaba unaoshuka kutoka kileleni hadi ardhini, ule unaoipitisha radi ikafie udongoni, akasema kwa sauti ili wasikie wote, "Leokadia, mnara usio na waya wa ardhi ni kuni. Anza na huu, mengine yatafuata." Mpaka leo nikiona mnara naangalia chini kwanza, siangalii juu.

Kisha nikapelekwa Wampembe. Kutoka huku juu kushuka hadi ziwani, gari linalia na wewe unalia. Kule tulifunga dishi la kupokea mawimbi, na madishi mawili sharti yatazamane bila kilima wala mti katikati, kama watu wanaoaminiana. Tulihangaika kulielekeza, nyuzi moja kushoto, nusu nyuzi kulia, hadi taa ya rauta ikawa kijani. Rauta ni kile kiboksi kinachogawa intaneti. Mwalimu mkuu wa shule alipoona ukurasa wa kwanza unafunguka alivua kofia. Tukala migebuka, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma, nikajiambia hii ndiyo kazi nitakayozeeka nayo.

Halafu akaja Jafari.

Jafari alikuwa kijana wa Dar, katoka chuo, kaletwa awe msaidizi wangu. Alipopangiwa Sumbawanga ndugu zake walimuaga kama anayekwenda vitani, kwa yale ya uchawi wanayoyasema watu wa pwani juu ya mji wetu. Alifika na koti la mvua. Nikampa blanketi, nikamfundisha kulala na soksi, na kazini nikamfundisha kila nilichokijua. Mtoto mzuri sana yule. Shikamoo haikumkauka mdomoni, hata kwa mlinzi aliyemzidi miaka miwili.

Siku moja tunakunywa chai, akaanza kulalamika, kwa upole wake ule ule, kwamba mshahara hautoshi. Akautaja. Akasema ukiongeza posho ya mazingira magumu angalau unapumua. Posho hiyo ndiyo wanayopewa wanaopelekwa mahali pagumu pa kuishi. Nikageuka dirishani niyaone hayo mazingira magumu yako wapi. Niliona mahindi ya watu, na nguo zangu nilizoanika.

"Lakini wewe mama," akasema, "lazima unachukua mara mbili yangu."

Mara mbili ilikuwepo kweli, ila ilikuwa upande wake. Nikamjibu, "Tunamshukuru Mungu," nikaenda kukaa na seva, kwa sababu kule feni zina kelele na mtu akilia hasikiki.

Sikumchukia Jafari. Ningemchukiaje? Nilijichukia mimi, na nikaichukia ile taa ya kijani ya Wampembe niliyoishangilia. Sisi kwetu mtu akiumia hagombi, anafunga mzigo. Nikaamua mwisho wa mwezi naacha, narudi Chala kulima ulezi. Ile kazi niliyojiambia nitazeeka nayo, nikawa tayari kuiacha bila kumwambia mtu sababu. Ningewaandikia kwamba ni mambo ya familia, nao wangeniaga kwa keki.

Shangazi yangu Anjelina alikuwa amefikia kwangu Kizwite, kaja mjini kuuza ulezi. Huyu alikuwa dada yake mdogo baba, na ushenga, ambao ni kazi ya wanaume, yeye walikuwa wanamfuata nyumbani kumbembeleza aufanye. Alikuwa hajawahi kurudi mikono mitupu. Nilipomwambia naacha kazi, alikuwa anachambua maharage, na hakuinua macho.

"Umewaambia kinachokuuma?"

"Niwaambie nini, shangazi? Si wanaona wenyewe?"

"Mficha uchi hazai, Leokadia." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Kesho nitakwenda mimi."

Nikadhani ni utani wa wazee. Asubuhi nikaenda kazini, nikasahau. Mara nasikia sauti yake mapokezi, anamsalimia mlinzi, anamwuliza habari za watoto, za wazazi, za shamba, na kama kwao mvua zilikuwa nzuri. Kavaa kitenge cha Pasaka, na mkononi ana mfuko wa unga wa ulezi. Anamtaka mkubwa wa humu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Meneja wa Kanda, mkubwa wetu pale, akatoka mbio, maana huku ndugu akija ofisini ni msiba. Akanitazama kwa huruma, akamwingiza shangazi ofisini kwake, akaagiza soda. Kuta za ofisi ile zilikuwa za mbao nyembamba, kila neno linapita. Nikabaki koridoni na kebo mkononi, najifanya naipima, na karani wa mapokezi kasimama nyuma yangu hajifanyi chochote.

Shangazi hakuanza na mshahara. Alianza na salamu, akatoa unga, akamweleza Meneja namna ya kuusonga usifanye mabonge. Akamsifu kwa kuwaletea kazi vijana wetu. Meneja alipouliza kwa uangalifu msiba ni wa nani, akasema hakuna msiba, Mungu ni mwema. Amekuja kwa ajili ya binti yao aliye humu ndani. Binti huyo ana huzuni, na ukoo umemtuma yeye aulize heshima yake imekaaje. Hawakuja kugombana. Wanaomba apate kile anachopata kijana ambaye binti huyo ndiye mwalimu wake.

Kisha akanyamaza. Nikasikia anakunywa soda yake, taratibu, kama mtu aliyekuja kunywa soda tu. Kimya kile nakikumbuka hadi leo. Mimi huku nje nilikuwa karibu nibishe hodi niseme basi, samahani, ametania.

Meneja akakohoa. "Mama, tulimuuliza siku ya usaili. Alisema mtakachoona kinafaa."

"Sawa," shangazi akasema. "Ndiyo nimekuja kuuliza. Miaka yote hii, mmeona nini?"

 Meneja akasema kwa sauti ndogo kwamba kila mwaka makao makuu yanampa fungu la kuongeza mishahara. Linaloombwa linatoka, lisiloombwa linarudi. Wa mjini wanaomba, wa huku hawaombi. Yeye alidhani wameridhika. Akasema Leokadia akienda likizo simu zinaita mpaka jioni na hakuna wa kuwatuliza wateja, na kwamba hata yeye mwenyewe hajawahi kunieleza hilo. Shangazi akamwambia basi amweleze sasa, binti yuko hapo koridoni anapima kebo moja tangu soda ilipofunguliwa.

Sikuacha kazi. Mshahara ulipanda, si siku ile, lakini kabla ya mavuno, na mwaka uliofuata nikapewa cheo cha Fundi Mkuu wa Mtandao. Meneja naye akajenga tabia ya kumwita kila mtu wa huku ofisini kwake mara moja kwa mwaka, anamfungulia soda, anamwuliza, halafu anasubiri ajibu. Jafari alipopata habari alikuja nyumbani amebeba mchele, akasimama mlangoni, anasema, mama, ungeniambia. Nikamwambia ingia ndani, baridi inaingia. Sasa hivi ni mkubwa Dodoma, na hakuna Krismasi anayoacha kunipigia ingawa yeye ni Mwislamu.

Nimestaafu. Waliniaga kwa hotuba na blanketi, wakati anayejua blanketi ni mimi. Shangazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na siku ile nilimlilia upya, kwa sababu kulikuwa na jambo nililoliona wazi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbele. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kutaja mshahara wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Baada ya siku ile ya shangazi, Meneja ndiye aliyetaja kiasi na kuuliza kama kinatosha, nami nikaitikia kwa kichwa.

Sasa vijana wanakuja kwangu Kizwite, maana intaneti yangu haikatiki, nilifunga mwenyewe. Wanafanya usaili kwa video na kampuni ambazo hawatakanyaga ofisi zake. Wa karibuni ni Kabula, binti wa wafugaji waliohamia huku kutoka Usukumani na ng'ombe wao. Anaandika programu, yaani yale maelekezo ambayo kompyuta inayafuata, na anayaandika vizuri kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Mtihani wao alishaufaulu. Kilichobaki ni mazungumzo ya mwisho na kampuni moja ya Dar, na aliniomba nikae pembeni, nisionekane kwenye kamera.

"Bibi, wakiniuliza mshahara nitakufa."

Nikamwambia hatakufa, nami sitamsemea. Tulijizoeza mezani, mimi nikiwa Afisa Utumishi, na kila mara akifika kwenye kiasi sauti inashuka kama redio iliyoishiwa betri. Nikamfundisha la shangazi: ukishataja, nyamaza, kunywa chai. Anayekimbilia kusema ndiye anayejipunguzia.

Swali likaja. Kabula akatazama meza, nami nikaijua ile meza, ilikuwa ndiyo sakafu yangu. Nikaona midomo yake inaanza kutengeneza lile neno letu. Nilitaka kumkanyaga mguu. Nikajizuia. Akainua uso, akataja kiasi, chote, sauti haikushuka. Kisha akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

Kule upande wa pili kimya. Chai ilikuwa ya moto na mtoto anaimeza tu, machozi yanamlengalenga. Mimi nimeshikilia meza.

"Sawa," ile sauti ikasema. "Unaweza kuanza lini?"

Kompyuta ilipofungwa hatukupiga kelele. Kabula alipiga goti, akanishika mikono, nami nikalia bila feni za kunificha. Kisha akajifuta, akakaa sawasawa, akakumbuka mila, maana kwao na kwetu hilo ni moja: mshenga haondoki bure.

"Bibi," akasema, "na wewe mshenga wangu, nikulipe nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie mwanangu, utakachoona kinafaa. Nikaufunga. Nikatazama nje, nikatazama meza, nikamtazama yeye.

"Mtamba wa ng'ombe," nikasema. "Mmoja. Mwekundu."

Kisha nikanyamaza, nikavuta kikombe changu cha chai.