Mikarafuu Iliyohamia Bondeni kwa Mzee Kombo

Habari ilitufikia Ng'ambo, mjini Unguja, kwa kinywa cha mchuuzi wa nazi aliyetoka Pemba. Mvua za masika zilikuwa zimekiporomosha kilima cha Mtondooni, si mbali na Kengeja, na nyumba zilizokuwa ubavuni zimekwenda nacho. Hakufa mtu, alisema, kwa sababu kilima kilianza kunguruma mchana na watu wakawahi kukimbia. Mama yangu mdogo, Bi Mize, mjane asiye na mtoto, alikuwa miongoni mwao. Serikali ilikuwa imewahifadhi katika skuli ya Kengeja na imepiga marufuku mtu yeyote kurudi kwake bila ruhusa.

Mama akaniagiza niende nikamlete. Mimi ni seremala. Nilitia msumeno, randa, nyundo na misumari ndani ya gunia, kwani namjua Bi Mize, na mtu akikataa kuhama atahitaji nyumba.

Asubuhi meli ya serikali ilitufikisha Mkoani. Sitaha nzima ilikuwa imejaa mabati, boriti na magunia ya mchele, vyote vya waliofikwa na maafa, nasi abiria tulijibana pembeni. Vibarua walipoanza kuteremsha mabati, watu waliokuwa gatini waliyatazama kama watu wanaotazama jahazi la mtu mwengine. Hakuna aliyeshangilia wala aliyelalamika.

Kutoka Mkoani nilipanda lori la abiria liendalo Kengeja. Nilimsalimu bibi mmoja aliyekaa juu ya kikapu cha muhogo.

"Weye ntu wa Unguja," alisema kabla sijamaliza.

"Umejuaje, Bi?"

"Wasema kama redio. Wenda kwa nani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Bi Mize wa Mtondooni. Basi utamkuta ana ugomvi. Si yeye alouanza, lakini anao."

Sikupata kuuliza zaidi. Mbele kidogo barabara ilikuwa imekatwa na tope, dereva akatuteremsha, tukamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Mashamba ya pande zote mbili yalikuwa yamelowa. Migomba ilikuwa imelala upande mmoja, lakini mihogo ilisimama kama kwamba hapakutokea kitu.

Adhuhuri nilifika skuli ya Kengeja. Madeski yalikuwa yamepangwa ukutani hadi juu, na katikati kila aila ilikuwa imejitenga na nyengine kwa kanga zilizotundikwa kwenye kamba. Mchele ulipikwa uani katika masufuria makubwa. Blanketi zilikuwa zimegawiwa, mafuta ya taa pia. Nasema haya kwa sababu nilikuja nimejiandaa kulaumu, na katika hilo sikuona cha kulaumu.

Bi Mize nilimkuta amekaa chini anasuka ukili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kakutuma dadangu unichukue?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie nimeshukuru. Nikenda Unguja n'takuwa mgeni wa dadangu. Kunu kwetu mie ni ntu." Akavuta ukili wake. "Tena Mudiri wa serikali anakuja kugawa viwanja. Asiyekuwepo hapati. Na mikarafuu yangu iko hai."

Nilidhani ni maneno ya huzuni. Mchuuzi wa nazi alikuwa ametwambia kwamba shamba lote liliporomoka.

"Iko hai wapi?"

Akauacha ukili. Alinyanyua kidevu kuelekeza upande wa pili wa darasa. Pale, nyuma ya kanga nyekundu, alikaa mzee mmoja mwembamba, ametupa mgongo. Huyo alikuwa Mzee Kombo, mwenye bonde la mpunga lililokuwa chini ya shamba la Bi Mize. Walikuwa majirani tangu ujana wao, na sasa walitenganishwa na vipande viwili vya kanga, wala hawakuwa wakisemezana.

Siku ya pili yake asubuhi ilikuwa zamu ya watu wa upande ule kuingia Mtondooni. Sharti lilikuwa kwenda pamoja na askari na kutoka kabla ya jua kupinduka. Bi Mize na Mzee Kombo waliitwa zamu moja. Tuliongozana njia nzima: askari mbele, Mzee Kombo, mimi, na Bi Mize nyuma. 

Njia ya zamani ya kupandia kwa Bi Mize haikuwepo tena. Pahali pake palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu. Tukazunguka kwa bondeni. Hapo ndipo nilipoelewa.

Kilima hakikuwa kimebomoka vipande vipande. Kipande kizima kimeteleza, kama mkate unavyoteleza kutoka sinia, kikaja kutua juu ya mpunga wa Mzee Kombo. Na juu ya kipande kile mikarafuu ya Bi Mize ilikuwa imesimama, myengine wima kabisa, myengine imeinama kidogo, majani yake kijani, na vikonyo vya karafuu vimeanza kutoka. Chini yake, pembezoni, mashina ya mpunga yalichungulia kwenye tope.

Kwetu Unguja na kwao Pemba si ajabu ardhi kuwa ya mmoja na miti ikawa ya mwengine. Lakini hayo hufanywa kwa mapatano. Hapa miti ilihama yenyewe, haikumuuliza mtu.

Mzee Kombo alikuwa wa kwanza kusema. "Dongo lako limekula mpunga wangu, Bi Mize."

"Sikulituma."

"Hukulituma, lakini limekuja. Na kilichoko kwangu ni changu."

"Miti n'liipanda mie na marehemu mume wangu. Weye ulikuwepo, ulitazama."

"N'litazama ikipandwa huko juu!"

Askari akageukia kando, akawasha sigara. Hilo halikuwa katika kazi aliyotumwa.

Nyumba ya Bi Mize tuliikuta juu ya kipande kile kile, imekaa kitako, paa juu ya kuta zilizolala. Nilitaka kuung'oa mlango, mbao zake zilikuwa nzuri. Yeye alitaka mkeka wake uliokuwa haujaisha kusukwa. Tulitoka na vyote viwili. Kwa Mzee Kombo, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya bonde na imejaa tope hadi madirishani, nilisaidia kutoa kitanda. Sikuombwa, ila nisingeweza kusimama na kumtazama mzee akivuta kitanda peke yake. Bi Mize aliona, akajitwika mkeka wake.

Alasiri Mudiri, mkuu wa serikali wa sehemu ile, alifika skuli. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache. Alieleza kwamba kila aila itapewa kiwanja huko juu penye ardhi ngumu, na mabati na boriti za kujengea. Mtondooni hapatajengwa tena, lakini mashamba watu wataruhusiwa kuyaendea mchana.

Bi Mize akasimama. "Bwana Mudiri, na mikarafuu yangu?"

Akaeleza. Mzee Kombo naye akaeleza. Mudiri alisikiliza hadi mwisho.

"Mabati ninayo," alisema. "Mchele ninao. Amri ya udongo uliohama sinayo. Mukitaka, nitaupeleka ugomvi wenu mjini kwa wakubwa. Lakini jawabu halitakuja kabla ya karafuu kuiva, na karafuu isiyochumwa hupasuka ikaharibika. Hapo nyote wawili mutakuwa mumekosa."

Aliinuka akaenda kukagua mapipa ya maji. Nilimwona ni mtu aliyekwepa. Baadaye nilibadili mawazo kidogo, si sana.

Jua likiwa bado juu, Mzee Kombo aliondoa kanga yake nyekundu, akaja kukaa mbele ya Bi Mize.

"Nikikuzuia kupita bondeni, huifikii mikarafuu," alisema.

"Najua."

"Na nikiichuma mie, ntu atasema Kombo mwizi wa mjane."

"Mie mwenyewe n'tasema. N'tasema kila siku."

Akacheka kidogo, bila kutaka. "Basi njia n'takupa. Nipe miti."

"Yote?"

"Nusu. Na n'tachagua mie."

Nilitegemea atachagua miti dhaifu, ndivyo hadithi zinavyotakiwa kuwa. Hakufanya hivyo. Siku ya pili alichagua miti bora, mmoja baada ya mmoja, akiigonga shina kwa kiganja, na Bi Mize akimfuata nyuma akiguna kila alipogonga. Lakini hakumkatalia hata mmoja. Sheha, mkuu wa kijiji, na wazee wawili walikuwa mashahidi, ikasomwa fatiha, mambo yakaisha.

Nilikaa Kengeja mpaka nikaisimamisha nyumba ya Bi Mize kwenye kiwanja chake kipya, kwa boriti za serikali na mlango wake wa zamani. Kiwanja kilichofuata kilikuwa cha Mzee Kombo. Nilipomaliza kwa Bi Mize nilimwezekea na yeye paa, naye akanilisha samaki wa pwani ya Chokocho kila siku hadi nikamchoka samaki.

Nilirudi Unguja kwa meli ile ile, gunia la vyombo likiwa jepesi kwa misumari niliyoiacha. Nililojifunza ni dogo. Maafa yakishapita, serikali inaweza kumrudishia mtu paa na chakula, na ile ilirudisha, kwa haki. Lakini pa kukanyagia kufikia kilicho chake, hapo mtu hupewa na jirani au hapewi.

Mwaka uliofuata Bi Mize aliniletea salamu kwa mtu. Mavuno ya kwanza walichuma pamoja, wakagawana, wakagombana katika kugawana. Kisha mikarafuu yote ya bondeni, ya kwake na ya Mzee Kombo, ilikauka. Mizizi yake ilikuwa imekatika siku ile ile ilipohama. Mzee Kombo akaikata kuni, akalima tena mpunga juu ya udongo mpya.

Bi Mize hana tena kitu kule. Lakini, alisema yule mtu, katikati ya mpunga pana ukanda mwembamba usiolimwa, upana wa njia ya miguu, na mwenye bonde hataki mtu apande kitu hapo.