Udi wa Kumpokea Karani

Nikisikia harufu ya udi kwenye nyumba ya mtu, kwanza hujiuliza kinafichwa nini. Nilijifunza hivyo mtaani kwetu Wiyoni, nikiwa na miaka tisa, msimu ule mguu wangu wa kulia ulipovimba chini ya goti ukawa unatoka usaha. Hospitali walisema nipasuliwe haraka. Pesa hatukuwa nazo, basi karani wa hospitali angekuja nyumbani kutazama hali yetu. Akiandika kwamba sisi ni mafukara, nitapasuliwa bure. Karani mwenyewe alikuwa Bwana Josphat, mtu wa bara.

Mamangu, Bi Mwanaisha, aliposikia mgeni anakuja, alisahau mgeni anakuja kutazama nini. "Mgeni aketi tini, sakafuni? Watu watasemaje?" Akakimbia kwa jirani yetu, Bi Shee, akaazima mkeka mpya, birika la shaba na vikombe vya maua mekundu, akanunua halwa kwa pesa ya unga. Mguu ulikuwa unanuka. Akaufunika kwa leso, akafukiza udi mpaka macho yakatuwasha. Shahidi wetu wa pekee alikuwa ule uvundo, na mamangu akaufukuza. Josphat alikula, akanywa, akacheka: "Bi Mwanaisha, kama huu ndio ufukara, na mimi niandikeni fukara!" Akaandika kwamba tuna uwezo.

Siamini kwamba hakujua. Vikombe vile alikuwa akivinywea kwa Bi Shee kila Ijumaa. Nadhani alingoja apewe kitu kidogo mkononi, akapewa halwa. Na Bi Shee alikuwa pale mlangoni, alisikia kila neno. Angesema tu, vyombo ni vyangu. Alingoja karani aondoke, akaingia kuchukua birika lake. Mamangu naye simtoi lawamani, Mungu amrehemu. Mpaka jamaa walipomaliza kuchanga, daktari alikuwa amebakiwa na kazi moja, kukata.

Siku hizi hawaji na karatasi. Mwezi uliopita alikuja msichana na simu, anauliza paa letu ni la nini, tunapikia nini, choo kiko wapi, ili mashine iamue nilipe bima ya afya kiasi gani. Nilimwacha amesimama juani, maji sikumpa. Nikavua mguu wa bandia, nikauweka mbele yake.

"Andika na huu."

Akapandisha kidole kwenye simu, akakishusha, akapandisha tena.

"Mzee, hapa hakuna swali la mguu."