Vijiti Vifupi Ndani ya Mtumbwi wa Ushindi

Ndugu wasomaji, mhariri wa ukurasa huu analijua jina langu na nimemwomba alifiche. Nina miaka arobaini na sita, mke mmoja na watoto watano, naishi kijiji cha ujamaa kusini mwa Ujiji. Kabla ya Uhuru nilipiga kasia kwa malipo. Tajiri mmoja alitushindanisha ziwani kama majogoo, sifa akachukua yeye, sisi tukabaki na mabega mabovu. Langu la kulia halinyanyuki tena. Ndiyo maana siku hizi nafundisha vijana kasia na kuchonga mitumbwi ya mashindano kwa umbo nililobuni mwenyewe: pua ndefu, tumbo jembamba. Na kwa kuwa nasoma kila gazeti linaloletwa na treni, mkutano wa kijiji hauishi kabla sijasimama. Nimewaumbua wazembe, walanguzi, hata mwenyekiti wetu, mbele ya watu na bila kumumunya maneno.

Leo najiumbua mwenyewe.

Sisi mafundi hutoboa mtumbwi matundu madogo kutoka nje, tukapigilia vijiti vya urefu wa vidole viwili vilivyolazwa. Ukichonga ndani ukakutana na ncha ya kijiti, unaacha. Hapo mbao ina unene wa kubeba watu, na waamuzi wa mashindano huangalia vijiti hivyo tu. Kwa mbio za Saba Saba mimi nilipigilia vijiti vya kidole kimoja, mtumbwi uwe mwembamba na mwepesi. Nilijiambia ni mbio tu, vijana sita, ziwa limetulia. Tulishinda mpaka wa pili akawa haonekani vizuri.

Fundi mmoja mzee wa kijiji jirani tulichokishinda, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, aliugonga mtumbwi wetu kwa kifundo cha kidole.

"Fundi, huu unalia kama debe. Mvule haulii hivi."

Ningecheka tu, yangeisha. Lakini nilipanda juu ya kreti nikapaza sauti: "Mnamsikia? Kashindwa na wakulima, sasa anasingizia debe! Huu ni wivu wa vibaraka!" Watu wakapiga makofi. Yule mzee hakuwahi kuwa kibaraka wa mtu. Ana sugu mikononi kama zangu. Aliniambia taratibu: "Haya. Siku ya kubeba watu, utawabeba kwa maneno yako."

Siku hiyo imefika. Mvua zimekata barabara, na mkutano umeamua kwamba mtumbwi wa ushindi ndio utakaowapeleka wajawazito hospitali Kigoma. Mitumbwi ya uvuvi ipo, mizito na salama, lakini nani ataitaka ilhali wetu unafika kwa nusu ya muda? Mwenyekiti alinishika mkono: "Leo sina ugomvi na wewe, ndugu yangu. Kazi yako itaokoa mama zetu."

Nilisimama. Nikasema una nyufa, niachieni niuzibe kwa lami. Hii ni wiki ya pili naupaka lami mtumbwi usio na ufa.

Jana mkunga wetu alinijia ufukweni. "Shemeji, lami gani hii isiyokauka? Mke wa Sefu mtoto kakaa vibaya. Hafiki mwisho wa mwezi."

Sefu ni nahodha wangu. Nilimtoa shambani hajui kushika kasia, leo ananiita baba. Alikuwepo, akacheka: "Mwacheni baba aupambe kama bibi harusi! Siku yenyewe nitapiga kasia mimi mwenyewe, mtoto azaliwe bingwa."

Nilicheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka.

Nimefikiria kuupasua kwa shoka kimyakimya, niseme umepigwa na mawimbi. Mke wangu, ambaye ndiye pekee niliyemwambia, alinitazama akasema, "Utaupasua, na keshokutwa watakuagiza mwingine kama uleule. Na yule mzee uliyemtukana, ataendelea kuchekwa?"

Nikisema kweli mkutanoni, ushindi utafutwa, vijana sita waliopiga kasia mpaka viganja vikachubuka wataitwa wezi kwa kosa langu, na kila niliyemuumbua atapata zamu yake. Wa kwanza atakuwa mwenyekiti. Ningekuwa yeye, nisingemhurumia mtu kama mimi.

Mkunga ameahidi kurudi kesho kuigusa lami kwa kidole chake. Najua majibu yenu hayatanifikia kabla ya hapo, na usiniulize, msomaji, kwa nini basi naandika. Pengine ni rahisi kuungama kwenu mlio mbali kuliko kwa Sefu, ambaye nyumba yake naiona kutoka hapa nilipoketi.

Hata hivyo naombeni neno lenu: nishike shoka, au nisimame mkutanoni? Mnijibu kwa ukali uleule niliozoea kuwapa wengine.