Taa Iliyowaita Dirishani

Mwalimu Modesta Byabato alivuliwa ulezi wa bweni la wasichana kwa kosa la kuonyesha kwamba bweni lile lilikuwa mtego. Bila shaka waliomvua hawakusema hivyo. Walisema amewatia wanafunzi hofu.

Shule ipo nje kidogo ya Kisesa. Jioni moja, giza lilipoingia, Modesta, ambaye hufundisha fizikia, alizima umeme wa bweni bila kumwambia mtu, akapuliza filimbi ya moto ili kuwajaribu. Mlango wa dharura ulikuwa wazi, lakini ulikuwa gizani nyuma ya vitanda. Upande wa pili, nje ya dirisha, iliwaka taa kubwa ya sola, iliyofungwa kuwatisha wezi. Mtoto wa kijijini huambiwa tangu anatambaa: ukipotelewa na njia usiku, fuata mwanga. Wasichana wakaufuata. Wakalundikana kwenye nondo za dirisha wakisukumana, na Gladness wa kidato cha pili akavunjika mkono.

"Ninyi wasomi wa Bukoba," alisema mkuu wa shule, Mwalimu Machibya, ambaye utani wake haukukosa mwiba, "hata moto mnataka uwe na shahada?"

"Moto hauna haja ya shahada, Mkuu. Mlango usioonekana unautosha."

"Mlango upo."

"Upo kwa anayeujua. Tufunge taa za betri chini, karibu na sakafu, maana moshi hupanda juu. Na ile ya nje igeuzwe."

"Wezi je?"

Wiki hiyo akavuliwa ulezi, na tangu hapo Modesta hakutulia. Umeme ukikatika aliacha chakula mezani, akatoka uani kunusa hewa ya upande wa bweni. Akalala kwa mang'amung'amu. Alimwendea Machibya, akamrudia, mpaka walimu wenzake wakawa wanapishana naye kwa kuangalia pembeni.

Kikao cha wazazi kilipofika, mama yake Gladness, muuza dagaa wa Igogo, alisimama. Machibya akajiweka sawa kitini. Alitarajia Modesta ashambuliwe.

"Mwanangu alikimbilia taa," alisema yule mama. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Sasa Mkuu, utahamisha taa, au nihamishe mtoto?"

Wazazi wakaguna. Mmoja akasema wa kwake pia atahama.

Shule ilipofunguliwa tarehe 13 Januari 2025, taa ya ulinzi ilikuwa imegeuzwa kuelekea kwenye uzio, na taa ndogo za betri zilikuwa zimefungwa usawa wa magoti, kutoka vitandani hadi mlango wa dharura. Ulezi wa bweni Modesta hakurudishiwa.