Mtani Hashitakiwi

Hata leo nikipita Mchafukoge huinua macho kulitafuta lile ghorofa la rangi ya krimu, na nikishaliona miguu hainiruhusu kusimama. Humo ndimo tulimofungiwa, wasichana na wavulana, katika shindano la runinga. Miaka hiyo vituo vya televisheni vilikuwa vinaota kama uyoga na kila kimoja kilitafuta kitu cha kuonyesha. Sisi tuliomaliza kidato cha nne bila kazi tulikuwa tayari kuonyeshwa. Kamera zilitufuata tukipika, tukigombania bafu, na asubuhi tukiteremka Kariakoo kuuza vitu tulivyopewa. Aliyeuza kidogo alirudishwa kwao.

Watatu tuliobaki marafiki hatukushinda chochote. Mmoja alikuwa binti wa Kizaramo, mzaliwa wa Kariakoo, ambaye ukoo wake ulikuwa na nyumba pale tangu mitaa haijawa na lami. Mwingine alikuwa kijana wa Kinyamwezi aliyeshuka kwa treni kutoka Tabora. Wa tatu mimi, ambaye sikuwa nakaa mahali pamoja.

Wale wawili walikuwa watani tangu salamu ya kwanza. Mzaramo na Mnyamwezi hutukanana bila kukasirikiana, na msiba ukimpata mmoja, mwenzake ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa. Binti alimwita "mpagazi wangu", kwa sababu babu zake walibeba mizigo kutoka bara hadi pwani. Naye alimjibu kwamba watu wa pwani kazi yao kulala mpaka mzigo ufike.

Baada ya shindano mpagazi alipata kazi kwenye duka la vitambaa la familia ya Kihindu, si mbali na lile ghorofa. Mzee mwenye duka alimweka kaunta, kwa kuwa wanunuzi walimjua kwa sura na walipenda kupimiwa kitenge na mtu wa kwenye runinga. Mimi nilikuwa nauza betri leo, kesho mikanda, keshokutwa niko Posta nazurura tu, nikitumaini mtu ataniangalia mara mbili na kuuliza kama ni mimi.

Kisha baba yake binti akafariki. Watu wa kituo walikuwa bado wanatufuatilia kwa ajili ya kipindi cha maisha baada ya shindano, wakaomba kuja na kamera, na katika vurugu za msiba hakuna aliyewakatalia. Jeneza lilipokaribia kutolewa, Mnyamwezi akalala kizingitini. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu na ameshika bakora yake. Akakohoa kama alivyokuwa akikohoa marehemu, akasema huyu mzee haendi popote, nani atambebea mizigo huko aendako? Wanawake walicheka huku wanalia. Wajomba wakampa kuku, akarudisha kofia na bakora, akainuka, akawa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza.

Kilichoonyeshwa kwenye runinga kilikuwa kingine. Kicheko kilikatwa, kuku akakatwa, kikawekwa kinanda cha huzuni. Alibaki kijana mmoja akichukua vitu vya maiti na kuwazuia wafiwa mlangoni. Wiki ile ile wateja wakaanza kunong'ona dukani. Mzee hakumfukuza. Alimpeleka stoo, juu, kwenye majora na vumbi, na mwenye akili alijua kwamba kutoka stoo njia iliyobaki ni barabarani.

Ndipo wakatupigia simu kutoka kipindi kipya cha mahakama. Kilikuwa na hakimu mwenye joho na nyundo, na watu wakishitakiana mbele yake kwa magomvi ya ujirani na uchumba. Walitaka binti awe mlalamikaji, mpagazi awe mshitakiwa. Mimi niliahidiwa kuwa shahidi.

Tulikutana mgahawani kuamua. Mvua ya masika ilikuwa imeshaifunga barabara ya Jangwani, magari hayapiti, na sisi hatukuwa na pa kwenda, tukabaki na chai na badia zilizopoa. Mpagazi alizungusha kikombe mpaka nikatamani kumnyang'anya. Alisema anataka hakimu atamke mbele ya nchi nzima kwamba yeye si mwizi, asubuhi yake arudi kaunta.

"Na mimi nisemeje ili atamke hivyo?" binti aliuliza.

"Useme nilikukosea."

"Ulinikosea?"

Mimi nikaingilia, nikasema ni dakika chache tu, maneno tutayapanga, kila mtu anajua runinga ni mchezo. Binti akanigeukia. "Wewe nyamaza. Wewe hata ukipigwa picha ya pasipoti unataka kurudia." Mwenye mgahawa akacheka, nami nikatazama mvua.

Mpagazi akaendelea kubembeleza. Alimkumbusha kwamba ameachwa na wateja kwa sababu ya msiba wa nyumbani kwa binti, si wa kwake, na kwamba jina lake likiharibika Kariakoo hana mji mwingine wa kuanzia.

"Sikiliza, we mpagazi," binti alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mtani hashitakiwi. Nikisimama pale nikasema umenikosea, utani umekufa. Na utani ukishakufa, ile kofia uliichukua kama nani?"

Mpagazi akaacha kuzungusha kikombe.

Mvua ilipokatika siku ya pili, binti alinipitia, tukaenda dukani. Alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasema amekuja kumchukua mpagazi wake. Mzee akamtazama kidogo, akaita juu. Mnyamwezi akashuka na jora begani.

"Mwoneni," binti aliwaambia wateja. "Babu zake wamekufa zamani, yeye bado anabeba."

"Na wewe bado umekaa unasubiri mzigo," alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu kile kipindi cha msiba nilimwona akicheka.

Mama mmoja aliyekuwa anachagua khanga akauliza, si ndiye yule aliyeiba kofia ya maiti?

"Maiti ni baba yangu, mama. Kofia tuliikomboa kwa kuku. Mwenye kesi hapa ni kuku."

Duka zima likacheka. Mzee hakucheka. Alimwambia binti kwamba yeye amezaliwa mtaa huu, amewaona watani misibani tangu utotoni, na tangu mwanzo alijua. "Mimi nilijua, mwanangu. Wateja ndio hawakujua."

"Hawa sasa wanajua."

"Hawa wachache. Runinga imeingia kila nyumba."

Akafikiri, akipapasa futi ya kupimia. Kisha akamkabidhi Mnyamwezi ile futi na kumwambia ampimie mama khanga zake. Hakusema habari ya kesho, lakini kesho yake nilipopita alikuwa bado kaunta, na wiki iliyofuata pia.

Siku ile Mnyamwezi alitusindikiza hadi mlangoni. Alikuwa na furaha ya kutaka kila kitu kiwe sawa mara moja. Akamuuliza binti, "Kwa hiyo hukukasirika hata kidogo?"

Binti alitazama madimbwi barabarani. "Ulipokohoa kama yeye, nilitaka kukupiga," alisema. "Lakini wewe mtani, hilo siwezi kukwambia."

"Umeshaniambia."

"Ndiyo. Nimekwambia."

Watu wa kipindi cha mahakama walipopiga simu tena, binti aliwaambia hana kesi na mtu. Nami nikaondoka mjini kwa muda, nikaenda Tanga, kisha Moshi, kila mahali nikijipa sababu. Niliporudi nilimkuta binti dukani, ameegemea kaunta, anachagua kitenge cha harusi ya ndugu yake. Alikuwa anasema na Mnyamwezi kwa adabu, bila tusi hata moja, anamuuliza habari za kazi na kama kitenge hakichuji rangi. Alipomaliza kupimiwa alipokea furushi kwa mikono miwili, akasema, "Asante, kaka."